Neno la Watu Wanne

Walionisoma Jumamosi iliyopita waliniacha jikoni kwangu, Saint Louis, Februari ya mwaka 1952. Mkononi nilikuwa na barua ya sifa. Mlangoni alisimama shemeji yangu Dewey, akiikodolea macho ile barua kama mtu aliyeona nyoka kwenye kitanda cha mtoto.

Kwa aliyepitwa, nasema kwa ufupi. Mchana nilikata ngozi katika kiwanda cha viatu. Jioni niliandika hadithi za wezi na wapelelezi kwa magazeti ya bei rahisi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, na kuandika nilijifunza mwenyewe. Wezi sikuwajua. Lugha yao nilipewa na Dewey Kratz, kaka yake mke wangu Verna, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha gari la wavunja sefu.

Barua ilitoka kwa msomaji. Alisema ameipenda hadithi yangu mpya, hasa lugha yake, na angefurahi nimtembelee dukani kwake anakouza piano kuukuu.

"Umemjibu?" Dewey aliuliza.

"Jana."

"Ukamwandikia unapokaa?"

"Nilidhani ni msomaji."

"Ni msomaji kweli," Dewey akasema. "Jina lake Ansel Tripp. Ndiye bosi wangu. Mwandiko huo naujua kuliko wa mama yangu."

Alitoa gazeti ndani ya koti. Lilikuwa gazeti langu, lenye hadithi yangu. Akalifungua, akaweka kidole.

"Soma hapa, shemeji. Kwa sauti, dada yangu asikie."

Verna aliacha kumenya viazi. Nikasoma:

"Akashika kitasa cha mlango, akageuka, akawaambia wenzake: Chumvi imelowa. Wakarudi garini bila kuuliza."

"Basi," Dewey akasema. "Umeniua."

Naomba msomaji anielewe. Neno hilo halikuwa la wezi wote. Januari ya 1947, watu wanne walikuwa wakila mayai katika mkahawa mjini Sedalia, wakisubiri kuingia benki iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Tripp alitikisa kikopo cha chumvi, chumvi ikakataa kutoka. Akainua macho dirishani, akaona gari la dobi. Ndani ya gari la dobi mlikuwa na askari. Akaweka kikopo mezani taratibu, akasema, "Chumvi imelowa, twendeni." Walimwacha mhudumu na mayai yake.

Tangu siku hiyo, mmoja wao akisema chumvi imelowa, wote waliacha walichokishika na kuondoka. Hakuna mwizi mwingine Marekani nzima aliyelijua neno hilo.

Dewey alinisimulia siku ya Pasaka, mezani kwangu, akicheka hata machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikamkatika ghafla.

"Hilo usiliandike, Emmett."

"Siliandiki," nikamjibu.

Nikaenda chooni, nikaliandika.

Ndivyo nilivyofanya kazi. Neno likitamkwa, nilitafuta kisingizio cha kuondoka kabla halijapoa. Niliandika neno lenyewe, maana yake, aliyelisema, tarehe na mahali. Sikuwa na kadi za kununua. Niliandika nyuma ya karatasi za kukataliwa, zile ndogo ambazo magazeti hukuambatishia hadithi yako yakiirudisha. Za namna hiyo nilikuwa nazo nyingi kuliko marafiki. Nilizipanga kwa alfabeti ndani ya sanduku la viatu. Hiyo ya chumvi nilikuwa nimeiwekea alama ya penseli nyekundu pembeni: lisitumike.

Kwa nini nililitumia? Mhariri alinirudishia hadithi mara mbili. Aliandika: "Wezi wako wanazungumza kama wezi wa kila mtu. Nimeyachoka maneno haya. Nipe moja ambalo sijawahi kulisoma." Nilikaa siku tatu nikijaribu kubuni. Neno la kubuni linanuka kama rangi mbichi. Siku ya nne nilifungua sanduku, nikaitazama ile alama nyekundu, nikajiambia kwamba wezi hawasomi.

Huo ndio ujinga wa maisha yangu, na nimeuweka hapa wazi.

"Tulikuwa wanne," Dewey akahesabu kwa vidole. "Tripp mwenyewe. Polk, yuko gerezani tangu arobaini na tisa, barua zake zinasomwa na askari. Augie Brandt, kafa kwa vidonda vya tumbo, Oktoba arobaini na nane. Na mimi."

"Tripp anajua mimi ni shemeji yako?"

"Hajui. Kwetu mtu hataji jamaa zake, ndiyo desturi. Lakini sasa ana mtaa wako na namba ya nyumba. Akimtuma mtu awaulize majirani kuhusu ndugu wa mke wako, inatosha."

"Kimbia," Verna akasema.

"Nikikimbia nimekiri, dada. Na watakuja kuwauliza ninyi nimekimbilia wapi."

Verna alifuta mikono kwenye aproni. Hakupaza sauti. Kwake, kutopaza sauti ndiyo hasira.

"Mmoja mume wangu," akasema, "mwingine damu yangu. Emmett, wewe ndiye mwenye akili ya hadithi. Tunga."

Nikatunga.

"Augie," nikasema. "Mimi nimelipata kwa Augie. Nilikutana naye mwaka arobaini na saba, kabla hajafa."

Dewey aliruka kama aliyechomwa sindano.

"Augie alinifundisha kuendesha gari! Umfanye kasuku akiwa kaburini?"

"Maiti haiuawi mara ya pili," Verna akasema.

"Lakini mjane anakufa kwa baridi," Dewey akajibu.

Akatueleza. Augie aliacha mjane, Hazel. Kila Novemba, gari la makaa ya mawe lilisimama kwa Hazel na kujaza ghala lake la chini, na kila mwezi lilirudi mpaka baridi iishe. Tripp ndiye aliyelituma. Kwa watu wale, mwenzao akifa amefunga mdomo, nyumba yake haizimiki moto. Akifa amefungua, hata kibiriti hawapeleki.

"Hazel anasahihisha prufu kwa mchapa kalenda, anasaka makosa kabla hazijachapwa," Dewey akasema. "Kifua chake kibovu. Alilala hospitali majira yote ya baridi mwaka juzi. Mkimzimia makaa, mtamzika Machi."

Maji ya viazi yalichemka mpaka yakamwagikia jiko.

Nilimpima Hazel na nikampima Dewey. Hazel sikuwahi kumwona. Dewey alikuwa mbele yangu na kofia yake mkononi, akiigeuzageuza. Nasema ukweli: mtu usiyemwona ni mwepesi kwenye mizani.

"Makaa nitampelekea mimi," nikasema. Nilikuwa mkata ngozi, na wa kwangu mwenyewe walikuwa wamevaa sweta mbilimbili ndani ya nyumba.

Dewey alikaa kitini akaanza kunieleza habari za Augie, moja baada ya nyingine, kama mtu anayevua nguo za maiti. Vidole viwili vya kushoto havikuwapo. Alicheka huku ameziba mdomo, kwa sababu ya meno. Hakunywa pombe kwa ajili ya tumbo, alikunywa maziwa ya mgando. Alimaliza, akaenda kusimama dirishani akitupa mgongo.

Mimi nikatengeneza kadi.

Ile halisi, yenye jina la Dewey, niliitia motoni ikaungua. Ya bandia ilihitaji karatasi kuukuu. Nilipekua rundo langu nikapata moja iliyokuwa na rangi ya njano kama chai. Nikaandika kwa wino uliochujuka: Chumvi imelowa. Maana: ondokeni. Amesema A. Brandt. 12 Mei 1947. Kinyozi, Mtaa wa Chouteau. Nikaikunja pembe, nikaipangusa kwa mkono wenye vumbi, nikaiingiza mahali pake katika sanduku.

Saa nane mchana nilikuwa mlangoni kwa Tripp, sanduku la viatu kwapani.

Nilitarajia jitu. Nilimkuta mzee mwembamba mwenye fulana ya sufu, ameinamia piano iliyofunguliwa tumbo, akikaza waya kwa ufunguo. Alibonyeza kinanda, akasikiliza, akakaza tena.

"Karibu, Bwana Loftus. Kaa hapo. Usiegemee hiyo, mguu wake mmoja ni wa kubandika."

Nikakaa.

"Nimekusoma," akasema. "Mimi huwa nasoma nikilala. Wewe unajitahidi. Lakini ninyi waandishi mmeniharibia vijana, unajua? Juzi mmoja amekuja kuomba kazi, ananiambia, 'Mzee, nikipewa mtu namlaza baridi.' Nikamwuliza, maneno hayo umeyapata wapi, mwanangu? Kwenye gazeti! Miaka arobaini katika kazi hii, sijawahi kumsikia mtu mzima akisema hivyo."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ninyi mnatuiga sisi, vijana wanawaiga ninyi. Mwishowe hapa mjini hakuna anayejua mwizi anazungumzaje." Akabonyeza kinanda. "Isipokuwa neno moja. Hilo halikutoka gazetini."

"Chumvi," nikasema.

"Chumvi." Akaweka ufunguo chini. "Nani alikupa?"

"Augie Brandt."

Uso wake haukubadilika, ila mkono ulikwenda kwenye kinanda ukatulia pale bila kubonyeza.

"Wapi?"

"Kwa kinyozi, Mtaa wa Chouteau. Tulikaa tukisubiri zamu."

"Augie. Alikuwaje huyo Augie wako?"

"Vidole viwili havipo. Kushoto. Akicheka anaziba mdomo."

"Hayo hata mwenye mochwari anayajua. Mlipotoka kwa kinyozi mlikunywa nini?"

"Mimi bia. Yeye maziwa ya mgando. Na mwenye baa alimtania."

"Alimtania nini?"

Hili Dewey hakuniambia. Nikamfikiria mwenye baa yeyote katika mji wetu.

"Alimwuliza kama ndama wake yuko nje."

Tripp alinitazama muda mrefu. Kisha akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kila mwenye baa alimwuliza hivyo," akasema. "Nami nilimwuliza."

Akanyoosha mkono. Nikampa sanduku. Hakurukia neno la chumvi. Alianza mwanzo, kadi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akilamba kidole. Nilitambua kwamba nimekutana na mtu mwenye utaratibu kama wangu, nikaogopa upya. Alipofika kwenye kadi yangu ya njano aliisoma mara mbili. Akaigeuza.

"'Tunasikitika kukuarifu,'" akasoma kwa sauti, "'kwamba mchango wako haulingani na mahitaji yetu ya sasa.' Wamekukataa?"

"Mara nyingi."

"Na unaandika nyuma yake."

"Ni karatasi nzuri, bwana. Nzito."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kikavu cha kweli. Nikajua nimepona. Nikamwona Dewey akiishi, akila nyama Jumapili mezani kwangu, akizeeka.

Tripp alifunga sanduku. Kicheko kilikuwa kimekwisha, na badala yake nikamwona mzee aliyechoka.

"Mimi nilimshuku mwingine," akasema. "Kijana wangu wa usukani. Nilikuwa nimeshapanga jambo la kesho. Umemwokoa mtu leo, Bwana Loftus, na wala humjui."

"Nafurahi," nikasema. 

"Usifurahi bado." Akavaa koti. "Mimi simzimii mjane moto kwa siri. Ni mkosi wangu kwamba Augie alifungua mdomo kwa kinyozi, sawa. Hazel atajua kwa nini gari la makaa halirudi, na atajua kutoka kwa mtu aliyeambiwa. Chukua kadi yako. Tunakwenda sasa hivi."

"Bwana Tripp, huyo mama hana kosa."

"Sijasema ana kosa. Nimesema atajua. Ungependa adhani nimemsahau?"

Tulikwenda kwa gari lake, yeye mwenyewe akiendesha, polepole, akisimama kwenye kila taa. Theluji ilikuwa imegeuka tope. Njia nzima nilishika kadi mfukoni.

Nyumba ya Hazel Brandt ilikuwa ya matofali, nyembamba, katikati ya nyumba zilizofanana nayo. Tripp alibaki barazani akikwangua tope la viatu kwenye chuma cha ngazi. "Anza wewe," akaniambia. "Mimi nitaingia ukishamaliza."

Alifungua mwanamke mrefu mwenye shali, wino wa bluu vidoleni, miwani imepandishwa juu ya nywele. Alikohoa kabla hajasema.

"Ndiyo?"

"Naitwa Emmett Loftus, mama. Nimekuja na Bwana Tripp. Kuhusu Augie."

"Augie hana jipya," akasema. "Ingia, unaniingizia baridi."

Sebuleni mlikuwa na joto. Jiko la makaa lilinguruma vizuri pembeni. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ndefu za kalenda, Machi na Aprili, na penseli. Nikasimama katika joto la makaa ya Tripp, nikamweleza. Nilisema kwa kinyozi. Nilisema maziwa ya mgando. Nilisema chumvi. Kadiri nilivyosema vizuri ndivyo nilivyojichukia, kwa maana hadithi ilikuwa nzuri, na uso wake ulikuwa ukiiamini.

"Augie?" akauliza. "Augie wangu alimwambia mtu asiyemjua?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi mwenyewe hakuniambia. Miaka kumi na tisa ya ndoa. Nikimwuliza umetoka wapi, ananiambia kanisani."

"Samahani."

"Nionyeshe."

Nikampa kadi. Alishusha miwani. Alisoma upande wa maandishi, midomo ikicheza kidogo kwenye jina la mumewe. Kisha akaigeuza, na hapo niliona kitu ambacho sikukijua juu ya wasahihishaji wa prufu. Hawaanzi juu. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa chini, mahali ambapo mtu mwingine huweka kidole gumba.

Akaisogeza dirishani.

"Bwana Loftus," akasema kwa sauti ya chini. "Hii ya njano umeihifadhi wapi?"

"Kwenye rundo langu."

"Rundo linakaa wapi?"

Nikakumbuka. Juu ya bomba la joto, chumbani. Majira yote ya baridi. Joto ndilo lililoitia njano, si miaka.

Alinigeuzia kadi, ukucha wake wenye wino ukiwa chini kabisa. Palikuwa na mstari wa herufi ndogo kama mchanga, ule ambao mchapaji huuweka kwa ajili yake mwenyewe: namba ya fomu, na mwezi na mwaka ilipochapwa. Machi 1951.

Karatasi ile ilizaliwa Augie akiwa na miaka miwili na ushei kaburini.

Niliandika nyuma ya karatasi hizo kwa miaka sita. Nilizisoma nikizilia, nikazisoma nikizitukana. Sikuwahi kuusoma mstari wa chini.

"Kwa hiyo hakukwambia," Hazel akasema.

"Hapana."

"Hukuwahi hata kumwona."

"Hapana, mama."

Aliziba mdomo kwa kiganja, kama ninavyofikiri mumewe alivyofanya, ila hakuwa akicheka. Alipoutoa mkono macho yake yalikuwa mekundu na makali.

"Unamficha nani?"

Alihesabu mwenyewe, nami nikamwona akihesabu. Polk yuko ndani. Tripp yuko barazani. Amebaki mmoja.

"Dewey," akasema. "Dewey alibeba jeneza la Augie. Alishika upande wa mbele, wa kushoto."

"Ni kaka wa mke wangu. Kosa si lake, ni langu. Aliniambia nisiandike."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

"Na ulipotafuta wa kubebeshwa, ukamchagua asiyeweza kusema."

Nje, viatu vya Tripp viliacha kukwangua. Tukasikia mbao za baraza zikilia chini ya miguu yake.

"Mama," nikasema, "nipe hiyo kadi. Makaa nitaleta mimi, kila majira ya baridi, naapa. Ukimwonyesha, kesho Dewey hayupo."

"Na nisipomwonyesha, Augie ni kasuku mpaka siku ya kiyama. Wewe utaniletea na jina lake pia, kwenye gari la makaa?"

Kitasa kilizunguka nusu, kikatulia. Mzee alikuwa na adabu, alikuwa akisubiri kuitwa.

"Hazel?" sauti ya Tripp ilitoka nyuma ya mlango. "Amekwisha kukueleza?"

Hazel Brandt aliitazama kadi. Akalitazama jiko, akanitazama mimi. Aliichukua ile penseli ya kazini, akachora duara dogo safi kuzunguka mstari wa chini, kama alivyozoea kufanya kila alipoona kosa. Kisha akaiweka kadi juu ya Machi, upande wa duara ukiwa juu, akaiwekea kiganja.

"Amenieleza, Bwana Tripp," akasema. "Ingia. Na miwani yako uje nayo."